Koleji Inanitafuta na Mimi Sikusoma Pale

Biryogo, 3 Julai 1990

Mama Mahoro, mshauri wetu wa gazeti la Ijumaa,

Nakuamkia kwa heshima zote, na kabla hujafikiri kwamba hii ni habari ya mke wa pili au shamba la urithi kama barua nyingi unazoletewa, nakuomba utulie unisikilize, kwa maana mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini, fundi cherehani, nina mke mmoja na ananitosha, na shida yangu ni voleboli.

Pale dukani kwangu kuna daftari. Nimelifunga kwa uzi na kulining'iniza kwenye msumari karibu na mlango, na wenye daftari ni wazee waliosoma Koleji ya Rugasoro zamani, pamoja na wachache waliosoma Koleji ya Kabirizi, mahasimu wao wa voleboli tangu enzi za mapadre wa Kizungu, na kwa kuwa kila mtu ana saa zake, huyu anapita asubuhi akienda sokoni, yule anapita baada ya alasiri, basi kila mmoja anaandika maneno yake na kwenda zake, mwenzake akija anasoma, anacheka au ananuna, kisha anajibu, na hivyo watu wanaweza kusemana mwezi mzima bila kuonana uso kwa uso. Wiki hizi dunia nzima inaangalia Kombe la Dunia kule Italia, sisi tunabishana juu ya vijana wa miaka kumi na saba waliocheza voleboli mwezi wa tano. Usiniambie kwamba ni mambo ya kitoto. Mke wangu ameshaniambia.

Nikupe mfano ili uelewe utamu wake. Nkusi, mwenye duka la vitasa, ambaye ni wa Kabirizi, aliandika hivi: "Rugasoro wanapokea mpira kama mtu anayepokea mgeni asiyemtarajia." Nikamjibu mimi: "Sisi angalau tunapokea. Ninyi mliutazama ukidondoka, mkangoja ujitambulishe." Gasana, karani mstaafu, ambaye ndiye mwenyekiti wetu wa Rugasoro, akaongeza chini yake: "Nkusi, goti lako linauma mvua ikikaribia, na moyo wako unauma Rugasoro ikikaribia." Nkusi hakuandika kitu siku nne. Siku ya tano alileta suruali ipunguzwe urefu, hakunisalimia, akaandika ukurasa mzima, na ulikuwa ukurasa mzuri, Mama Mahoro, lazima niseme kweli.

Na kweli ndiyo iliyonileta kwako, maana mimi ninayewatetea Rugasoro miaka kumi na moja sasa, mimi ninayejua nani alipiga smashi ya mwisho mwaka 1957 na mpira uliangukia wapi, mimi ambaye wazee wakigombana wanasema tumuulize Shafiq, sikusoma Rugasoro. Sikusoma koleji yoyote. Nilisoma chuo cha Kurani na madarasa manne ya msingi, kisha marehemu baba akanivuta sikio akanikalisha mbele ya cherehani, na nililia, kwa sababu nilipenda kusoma kuliko kula.

Uongo ulianza hivi, na uniamini kwamba sikuukusudia. Mwaka 1979 Gasana alileta suruali zake nizitanue kiuno, na katika kusubiri akaanza kusimulia fainali ya 1957 kati ya Rugasoro na Kabirizi, akakosea, akasema seti ya tatu ilikwisha kumi na tano kwa kumi na mbili, nami bila kufikiri, sindano iko mdomoni, nikamwambia hapana, ilikuwa kumi na tano kwa kumi na tatu, na yule kijana mrefu alianguka juu ya mstari akachanika kaptura. Gasana akaniangalia kama aliyeona ndugu yake aliyepotea. "Kumbe wewe ni wa kwetu! Ulikuwa darasa gani?" Nikamjibu, "Nilikuwa nyuma yenu kidogo."

Na ilikuwa kweli! Nilikuwa nyuma yao hatua tatu, nimeshika kikapu cha kaptura, kwa sababu mimi na baba ndio tuliozishona zile kaptura za timu, na baba alinituma nizipeleke nirudi upesi, nami nikabaki mpaka mwisho wa mechi, na nilichapwa kwa ajili hiyo. Lakini Gasana alielewa vingine, akanikumbatia na sindano zangu, nami sikumsahihisha. Nilisema moyoni nitamsahihisha kesho. Kesho yake alileta wenzake watatu.

Tangu hapo, Mama Mahoro, sikuhitaji hata kudanganya, wao wenyewe wananidanganyia. Gasana anakumbuka kitanda changu bwenini, kilikuwa karibu na dirisha. Mwingine anakumbuka nilivyokuwa hodari wa hesabu. Walipojiuliza imekuwaje Mwislamu wa Biryogo akasoma kwa mapadre, wakajijibu kwamba padre fulani alinipenda kwa akili zangu. Na Nkusi wa Kabirizi, adui yangu, anaapa kwamba nilimzomea siku ile ya fainali, na hilo nadhani ni kweli.

Sasa ukaja msiba. Tarehe 21 mwezi huu Rugasoro inafanya yubile ya miaka arobaini, na kila mwanafunzi wa zamani ataitwa mbele apewe cheti. Gasana alipeleka majina yetu thelathini na moja. Yakarudi majina thelathini. Karani wa koleji, mama mmoja anaitwa Kabagwira, aliandika kwa adabu kwamba mzee Shafiq haonekani katika rejista. Mimi nikafurahi, nikasema basi yameisha, nitaketi na watazamaji. Lakini Gasana! Gasana alisimama katikati ya duka langu akapiga meza mpaka mkasi ukaruka. "Wamempoteza Shafiq! Koleji imepoteza mtu!" Nikamwambia, "Gasana, acha, mimi sihitaji cheti." Akasema, "Unyenyekevu wako ndio unaowapa kiburi." Akaandika barua kali, wazee ishirini na sita wakatia sahihi, hata Nkusi alitia, akasema adui wa kweli humtetea adui yake. Barua ilisema kwamba karani anayepoteza wasomi hafai kukaa ofisini.

Direkta, yaani mkuu wa koleji, ni mgeni kazini, anataka kuwapendeza wazee, basi amempa Kabagwira onyo: jina la Shafiq lipatikane kabla ya Jumamosi tarehe 14, siku ambayo wajumbe wetu watakwenda kuonana naye, la sivyo aache kazi. Na mama huyu ana watoto wawili wanaosoma palepale kwa sababu ya kazi yake.

Jana nimepata barua yake mwenyewe. Ameandika: "Mzee wangu Shafiq, nakuomba radhi kwa kukupoteza. Nimepitia rejista za miaka minane ukurasa kwa ukurasa na naanza tena. Unikumbushe mwaka ulioingia, jina la baba yako, au hata mwalimu mmoja aliyekufundisha." Niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikashona mkono wa koti la mtu ndani nje.

Mke wangu anasema, "Ulinioa hujui kuandika jina langu bila kosa, leo unatafutwa na koleji. Nenda kaseme." Lakini yeye hajui daftari lile ni nini kwangu. Humo ndani mimi ni mtu aliyesoma. Nikisema kweli nitapoteza marafiki wote siku moja, na Nkusi atakuwa na la kuandika mpaka kiama.

Nimefikiria njia tatu. Niseme nilibadili jina, ila nimezaliwa Shafiq na wazazi wangu wanajulikana. Au niugue mpaka tarehe 22. Au nimwambie Kabagwira kwa siri aniandike tu katika rejista mahali palipo wazi, na yamalizike. Mama Mahoro, nakuomba unichagulie, na jina langu usilitoe.

Mimi Shafiq, fundi, Biryogo.

JIBU LA MAMA MAHORO

Shafiq, barua yako sikuichapisha, nakujibu kwa mkono. Unataka nifiche jina, nami ningelificha, lakini fundi wa Biryogo mwenye daftari la voleboli msumarini ni mmoja tu Kigali nzima, na huyo Gasana wako anaonekana ni mtu wa kusoma gazeti mpaka matangazo ya vifo.

Kwanza nikupe pole, maana nimecheka, kisha nikafika pale ulipolia mbele ya cherehani, nikaacha kucheka. Mtoto anayependa kusoma akanyimwa, hiyo ni dhuluma, na haikuwa kosa lako. Lakini sasa wewe si mtoto. Una mvi.

Miaka kumi na moja uongo wako ulikuwa paka wa nyumbani, analala juani na hamdhuru mtu. Leo amemrukia mama wa watu usoni, na wewe umekaa dukani unajiuliza wazee watakuonaje! Kabagwira anapekua rejista kumtafuta mtu ambaye hayumo, tena anamwomba radhi kwa kutokuwamo. Hivi barua ile uliwezaje kuikunja ukaiweka mfukoni?

Na hizo njia zako tatu zote ni mbovu. Ya jina umeshaikataa mwenyewe. Ugonjwa wa uongo hautamrudishia Kabagwira kazi yake, atafukuzwa wewe ukiwa kitandani unaletewa uji. Ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, na nashangaa mkono wako haukukwama ulipoiandika: mwanamke anayetuhumiwa kuharibu rejista unataka aiharibu kweli, ili wewe upige picha na cheti?

Haya, nisikilize. Jumatano, kabla ya hao wajumbe kwenda, panda gari peke yako mpaka Rugasoro. Usianze kwa direkta, anza kwa Kabagwira, maana yeye ndiye uliyemkosea. Mwambie kwa maneno machache: "Hukunipoteza. Sikuwamo." Usilete habari ya shetani kukupitia, shetani hajui voleboli. Usilie, maana ukilia itabidi yeye akubembeleze, na ana kazi nyingi. Kisha mwende wote wawili kwa direkta, na usitoke pale mpaka lile onyo limefutwa mbele ya macho yako.

Ukirudi, mtafute Gasana nyumbani kwake, mwambie kwa mdomo. Usiandike kwenye daftari! Mambo mengine hayaandikwi pale ambapo Nkusi atasoma kwanza. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki, usimjibu kwa mzaha.

Kuhusu marafiki, siwezi kukuahidi kitu. Huenda ukabaki na daftari lako na msumari. Ila nakuuliza: wakati Nkusi alipokuwa ananyamaza siku nne, alinyamazishwa na cheti chako au na maneno yako?

Jumatano, Shafiq. Si Alhamisi.

Biryogo, 23 Julai 1990

Mama Mahoro,

Sikwenda Jumatano. Nisamehe. Nilivaa kanzu safi, nikafika mpaka kituo cha magari, nikaliona gari la Rugasoro limebakiza nafasi moja, nikampa mwingine, nikarudi. Mke wangu aliniona naingia, akatazama saa, akasema, "Rugasoro imehamia hapa Nyamirambo?" Alhamisi niliogopa, Ijumaa nilikuwa na kazi ya swala na ya kuogopa.

Kwa hiyo Jumamosi nilikwenda na wajumbe. Tulikuwa wanane, na Nkusi wa tisa, alisema anakuja kuangalia Rugasoro ikijiaibisha. Njia nzima Gasana alikuwa anafanya mazoezi ya hotuba.

Tukaingia ofisini. Direkta akatukaribisha viti, vilikuwa vinane, Nkusi akabaki amesimama. Kabagwira alikuwa amesimama pembeni na rejista mbele yake zimepangwa mezani, mwanamke mwembamba mwenye miwani, na macho yake mekundu. Gasana akaanza: "Bwana direkta, taifa lisilotunza wasomi wake..." Mimi nilikuwa namtazama yule mama. Aliniangalia akasema taratibu, katikati ya hotuba, "Mzee Shafiq ni wewe? Nimetafuta kila mahali, mzee wangu. Nisamehe."

Mama Mahoro, miguu yangu ilisimama kabla sijaiambia. Nikasema, "Mama, hukunipoteza. Sikuwamo. Sijawahi kusoma hapa hata siku moja. Nilileta kaptura."

Nkusi akaapa kwa Kinyarwanda, "Yampayinka!" akakaa chini, na kiti hakikuwapo.

Walipokuwa wanamnyanyua, Gasana aligeuka kwangu, uso umekuwa mweusi. "Kitanda chako kilikuwa karibu na dirisha!" Nikamwambia, "Gasana, hilo dirisha uliniwekea wewe." Hapo akalipuka. Aliniita mwongo, aliniita mwizi wa heshima za watu, akasema nimeketi miaka kumi na moja kati ya wasomi nikiwa mtu wa darasa la nne, akataka direkta aandike kwamba sitakanyaga yubile. Sikujibu neno, Mama Mahoro, hapo nilikutii. Wenzake wakaanza kuitikia, wengine wakasema kweli, wengine wakasema nilikuwa nawashangaza tangu zamani.

Kabagwira alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema, "Wazee wangu, naomba niseme. Nilipewa wiki mbili nimtafute mtu mmoja katika rejista hizi. Nimezisoma zote, kuanzia 1950, majina, mahudhurio, imla, hesabu, mwenendo. Sijampata mzee Shafiq. Lakini wengine wote nimewapata." Akaweka mkono juu ya kitabu cha juu. "Mzee Gasana, wewe ni wa 1954, sivyo? Kwa kuwa leo tunatafuta ukweli, nianze kusoma na wewe?"

Mzee mmoja alikumbuka kwamba mke wake anaumwa. Mwingine akauliza gari la kurudi linaondoka saa ngapi. Gasana alikohoa, akakohoa tena, akasema, "Mama, hakuna haja. Tusiyakuze mambo. Shafiq ni mtu wetu." Nkusi, ambaye alisoma Kabirizi na hana cha kuogopa, akawa anaomba, "Soma, mama! Hata mwenendo tu! Soma mwenendo!"

Direkta alichukua lile onyo akalichana mwenyewe. Kabagwira akasema karatasi iliyochanika haimtoshi, anataka barua ya kumwomba radhi, yenye sahihi zilezile ishirini na sita, na ibandikwe kwenye ubao wa matangazo siku ya yubile. Gasana aliiandika palepale, na hakuna neno gumu hata moja ndani yake. Mimi, ingawa sikuwamo katika wale ishirini na sita, nilitia sahihi ya kwanza. Nilipomrudishia kalamu Kabagwira aliniambia, "Wewe bado nimekukasirikia. Nimepitia vitabu vyote mara mbili." Nikamwambia ana haki. Nimemshonea watoto wake sare mbili mbili, akazipokea, lakini hakusema yameisha.

Gasana hakupita dukani Jumapili, wala Jumatatu, wala Jumanne. Daftari lilijaa mwandiko wa Nkusi peke yake, kurasa sita, ameandika kwamba kwa miaka kumi na moja wasomi wote wa Rugasoro wametetewa na fundi wa darasa la nne, na kwamba yeye Nkusi anajiuzulu uadui na Gasana, tangu leo adui yake rasmi ni mimi. Nililisoma nikashindwa kushona.

Alhamisi asubuhi Gasana akaingia. Hakukaa. Alitazama vitambaa kwa muda mrefu kama mtu anayetaka kununua. Kisha akasema bila kunitazama:

"Yule mama alikuonyesha alama zangu?"

"Hapana, Gasana. Hakunionyesha."

"Hata hesabu?"

"Hata hesabu."

Akavuta pumzi. "Basi Jumamosi tunaondoka saa mbili. Usichelewe, nafasi yako nimeshaiweka."

Nilikwenda. Niliketi na watazamaji, cheti sikupewa, na Rugasoro iliwafunga Kabirizi seti tatu kwa moja. Sasa unaweza kuchapisha, na jina langu liweke.

Shafiq, fundi, Biryogo.

MAMA MAHORO ANAONGEZA

Nilisema Jumatano. Kwa siku tatu ulizochelewa, Kabagwira alipekua rejista siku tatu zaidi, kwa hiyo sare mbili hazitoshi, ongeza sweta, na usimkumbushe kwamba umeongeza.

Gasana, najua unasoma hapa. Mtu akikuambia alikuwa nyuma yenu kidogo, muulize nyuma wapi.

Na kwa wazee wanne wa Rugasoro ambao wiki hii wameniandikia, kila mmoja kwa siri yake, wakiuliza Kabagwira yuko ofisini siku gani na kama rejista za zamani hazipaswi kuchomwa kwa ajili ya usafi: yuko kila siku kuanzia saa mbili, afya yake ni njema, na ameomba kabati lenye kufuli.